Kadi iliyobeba daftari lake yenyewe: kisa cha MIFARE Classic na nauli za Uholanzi

Abiria anapogusisha kadi kwenye geti la metro, mashine ina chini ya nusu sekunde ya kumaliza kila kitu: kuitambua kadi, kuhakikisha si ya bandia, kusoma salio, kuandika salio jipya na kufungua. Ikichukua sekunde mbili tu, foleni inarudi hadi kwenye ngazi. Mfumo wa OV-chipkaart, kadi ya nauli ya Uholanzi, ulipoanza kujaribiwa Rotterdam mwaka 2005, kulitaka kila geti, kila basi na kila tramu liulize seva iliyo mbali kabla ya kumruhusu mtu lilikuwa jambo lisilowezekana. Basi pesa zikawekwa ndani ya kadi.

Uamuzi huo ndio unaozaa kisa chote. Vocha ya kukwangua haina pesa ndani. Ina namba tu, na thamani yake iko kwenye seva ya kampuni ya simu. Itoe fotokopi elfu moja: wa kwanza kuingiza namba ndiye anayepata, wale 999 wanaambiwa vocha imeshatumika. M-Pesa ni hivyo hivyo, laini ni kitambulisho na pesa ziko kwenye daftari la kampuni. Kadi ya salio ni kitu kingine kabisa, kwa sababu yenyewe ndiyo daftari. Anayeweza kuandika ndani yake amejichapia pesa. Na anayeweza kurudisha ndani yake maandishi ya jana amejichapia vilevile, hata kama haelewi alichokiandika. Wengi waliosimulia kisa hiki walilikazia macho hilo la kwanza, jinsi msimbo wa siri wa kadi ulivyovunjwa. La pili ndilo lililoendelea kusumbua.

Kilichomo ndani ya plastiki

Chipu yenyewe ni MIFARE Classic. Ilitoka mwaka 1994 kwa kampuni ya Mikron ya Austria, ikanunuliwa na Philips, na tangu 2006 iko chini ya NXP. Kufikia 2008 zaidi ya bilioni moja zilikuwa zimeuzwa: kadi ya Oyster ya London, OV-chipkaart ya Uholanzi, na milango ya ofisi isiyohesabika duniani. Haina betri. Inapata umeme kutoka kwenye antena ya mashine kwa masafa ya MHz 13.56, ndiyo maana inasomeka kwa umbali wa sentimita chache, hadi 10 hivi.

Kadi ya ukubwa wa 1K ina baiti 1,024, sekta 16, kila sekta bloku nne, kila bloku baiti 16. Uholanzi ilichukua ile ya 4K yenye sekta 40, ambapo 32 za mwanzo zina bloku nne nne na nane za mwisho zina bloku 16 kila moja. Bloku ya mwisho ya kila sekta ni kitasa chake: baiti sita za ufunguo A, baiti nne zinazosema nani anaruhusiwa nini, kisha baiti sita za ufunguo B. Bloku ya kwanza kabisa ya kadi hubeba namba ya kuzaliwa ya baiti nne, iliyofungwa na kiwanda isibadilishwe.

Chipu hii ina namna yake ya kutunza kiasi cha pesa. Tuseme salio ni senti 2,000 na liko kwenye bloku namba 4. Ndani ya bloku utakuta hivi:

D0 07 00 00 | 2F F8 FF FF | D0 07 00 00 | 04 FB 04 FB

Baiti nne za mwanzo ni kiasi, zinazofuata ni kiasi kilekile kimegeuzwa biti kwa biti, kisha kiasi tena, na mwisho anwani ya bloku, nayo sawa na kinyume. Huko kurudiarudia hakumzuii mwizi hata kidogo. Kumewekwa kwa ajili ya abiria anayevuta kadi kabla mashine haijamaliza kuandika: nakala tatu zisipolingana, mashine inajua maandishi yamekatika njiani.

Zile baiti za ruhusa ndizo zilikuwa ulinzi. Unaweza kupanga kwamba ufunguo A unapunguza salio tu, na B ndio unaoongeza. Geti hupewa A peke yake, mashine ya kuongeza salio hupewa B, kwa hiyo mtu akiiba geti zima lenye funguo zake bado hawezi kujiongezea hata senti. Ni mpango mzuri, na fundi anayempa kila kisomaji funguo zote mbili kwa kuona uvivu wa kuzitenganisha anautupa bure. Lakini mpango wote umesimama juu ya kitu kimoja, kwamba funguo hazipatikani kwa kusikiliza mawimbi.

Msimbo uliofichwa, na jinsi ulivyofichuka

Usimbaji wa kadi hii unaitwa Crypto-1. Ufunguo wake una biti 48, yaani uwezekano trilioni 281 na ushei. Idadi hiyo inatisha hadi uipigie hesabu: mtambo unaojaribu funguo bilioni 10 kwa sekunde unaimaliza yote ndani ya saa nane. Kwa hiyo hata kama msimbo usingekuwa na kasoro yoyote, ufunguo wenyewe ulikuwa mfupi kwa kadi itakayotumika miaka ya 2000. Kilichoulinda kwa zaidi ya miaka kumi ni kwamba hakuna aliyejua unavyofanya kazi.

Desemba 2007, kwenye mkutano wa wadukuzi wa Chaos mjini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kwamba wameshaufungua kwa sehemu kubwa, wakisaidiana na mtafiti anayejiita Starbug. Hawakuhitaji mtu wa ndani ya kiwanda. Waliyeyusha plastiki kwa asetoni, wakasugua chipu tabaka kwa tabaka na kupiga picha kila tabaka kwa hadubini. Chipu ina takriban vijenzi 10,000 vya mantiki, lakini aina zake ni kama 70 tu. Ukishaitambua kila aina mara moja, programu ya kulinganisha picha inakutafutia zilizobaki. Kisha ukafuata waya hadi sehemu yenye rejista ya biti 48, yaani safu ya biti zinazosogezwa hatua kwa hatua.

Kikundi cha Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, chini ya Bart Jacobs, kilifika kwa njia nyingine: kusikiliza mazungumzo ya kadi na mashine na kupima majibu. Machi 2008 walitangaza. Kasoro walizozikuta hazikuwa moja, na zinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu kila moja ni kosa linalorudiwa hadi leo kwenye vifaa vya bei rahisi.

Kwanza ni namba nasibu. Kabla ya kuzungumza, kadi hutoa namba ya biti 32 ambayo haipaswi kubashirika. Lakini namba hiyo ilizalishwa na rejista ya biti 16, kwa hiyo zilikuwa namba 65,535 tu zinazozunguka kila baada ya sekunde 0.6 hivi. Tena rejista huanza palepale kila kadi inapopata umeme. Anayepima muda kati ya kuwasha na kuuliza anaipata namba ileile kila anapoitaka.

Pili ni chujio, yaani sehemu inayochagua biti za rejista za kutengenezea siri. Kila biti ya usimbaji inatokana na biti 20 kati ya zile 48, na zote 20 ziko kwenye nafasi za witiri. Kufuli la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000. Ukigundua kwamba tarakimu mbili za kwanza zinaweza kujaribiwa bila kugusa mbili za mwisho, unabaki na majaribio 100 na mengine 100. Hivyo ndivyo biti za witiri na za shufwa zilivyotenganishwa.

Tatu, biti ya kukagulia kila baiti ilikokotolewa kutoka kwenye maandishi yasiyosimbwa, kisha ikasimbwa kwa biti ileile inayotumika tena kwa baiti inayofuata. Nne, na hii ndiyo ya kushangaza zaidi: mtu asiye na ufunguo akikosea uthibitisho lakini biti zake za kukagulia zikaangukia kuwa sahihi, kadi humjibu kwa biti nne zilizosimbwa, zenye maana ya kosa. Maana hiyo inajulikana. Kadi ilikuwa inamjibu mgeni kwa lugha ya siri, neno ambalo mgeni analifahamu tayari, na kwa kulinganisha anapata biti nne za siri kila mara.

Matokeo: kwa kunasa jaribio moja au mawili ya uthibitisho kutoka kwenye mashine halali, ufunguo ulipatikana chini ya sekunde moja kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2009 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba mashine halali haihitajiki hata. Kadi peke yake inatosha. Na ukiwa na ufunguo wa sekta moja, za sekta nyingine zinafuata upesi.

Hapo ndipo uzembe wa wafungaji unapoingia. Kadi hutoka kiwandani funguo zote zikiwa FF mara sita. Mfumo unatumia sekta nne, zile nyingine zinaachwa zilivyo kwa kuwa «hazina kitu». Hazina kitu kweli, ila ndizo zinazompa mtu ule ufunguo mmoja wa kuanzia. Kujaza funguo za nasibu kwenye sekta tupu ni kazi ya sekunde moja kwa kila kadi wakati wa kuichapisha.

NXP ilikwenda mahakamani Arnhem kutaka makala ya Radboud isichapishwe. Tarehe 18 Julai 2008 mahakama ilikataa, ikisema madhara yanatokana na kutengenezwa na kuuzwa kwa chipu yenye mapungufu, hayatokani na kuchapishwa kwa makala. Ikatoka Oktoba mwaka huo. Uamuzi ulikuwa wa haki: waendeshaji walipata miezi saba ya kujipanga tangu Machi, na aliyetaka kughushi hakuwa akisubiri makala.

Jambo moja lililofunikwa na kelele hizo lilitangulia. Januari 2008, Roel Verdult wa Radboud alionyesha kwamba ile kadi nyepesi ya kutupa, yenye chipu ya MIFARE Ultralight isiyo na usimbaji wowote, inaweza kuigwa kwa kifaa kidogo cha elektroniki. Kadi halisi ilikuwa na biti ambazo zikishachomwa hazirudi nyuma, ziwe alama kwamba safari imetumika. Kifaa hakina sababu ya kuheshimu biti hizo. Kinazifuta na kuanza upya. Waliofikiria hologramu na uchapaji wa plastiki walikuwa wanalinda kitu ambacho geti halikioni. Geti linaona mawimbi tu.

Kurudisha jana

Sasa chukulia kwamba mwendeshaji amefanya vizuri zaidi. Haamini kufuli la chipu, kwa hiyo kila anapoandika salio anaweka muhuri wa hesabu pembeni: baiti nane zinazotokana na namba ya kuzaliwa ya kadi, salio, namba ya muamala na tarehe, zikikokotolewa kwa ufunguo wa biti 128 wa AES, usimbaji wa kisasa unaoaminika, ambao uko ndani ya mashine tu. Mtu aliyevunja Crypto-1 anaona yote hayo, lakini hawezi kuandika euro 150 kwa sababu hana muhuri wake. Akihamishia maandishi kwenye kadi nyingine, namba ya kuzaliwa hailingani.

Hiki ndicho kinachotokea. Salio ni euro 20.00, muamala wa mwisho ni namba 118. Anapiga nakala ya kadi nzima na kuihifadhi. Anaingia metro: mfumo wa Uholanzi wa wakati huo ulikata amana ya euro 4 mlangoni na kurudisha inayozidi mtu anapotoka, hivyo kadi sasa inasema muamala 119, salio 16.00. Anatoka: muamala 120, salio 17.60. Jioni anarudisha ile nakala. Kadi inasema tena 118, euro 20.00, na muhuri ni halali kabisa kwa sababu ni mwendeshaji mwenyewe aliyeutia. Geti likiwa peke yake halina namna ya kujua. Uweke AES, uweke kitu kikali kuliko AES. Muhuri unathibitisha kwamba maneno ni ya kweli, hausemi kama bado ni ya leo.

Siku inayofuata anaingia tena, na kadi inaandika muamala 119 kwa mara ya pili. Kwenye seva kuu sasa kuna miamala miwili yenye namba 119 kutoka kadi moja, tarehe tofauti, geti tofauti. Huo ndio ushahidi, na ndio uliokuwa kinga kuu ya mifumo ya aina hii baada ya 2008: kila kadi ina akaunti kivuli kwenye seva, kila muamala unapelekwa huko hata kama ni saa kadhaa baadaye, na namba zikigongana au salio la kadi likizidi la kivuli, kadi inaingia kwenye orodha ya kufungiwa inayotumwa kwa mageti yote.

Ukaguzi huu una mitego yake. Kuna migongano isiyo na hatia: abiria kavuta kadi mapema, mashine imeshaurekodi muamala 119 lakini kadi haijaandikwa, anagusisha tena na 119 inajirudia. Ukifungia kila mgongano utajaza madirisha ya huduma kwa wazee wenye mikono mizito. Kanuni inayofaa ni kusamehe marudio kwenye mashine ileile ndani ya dakika chache, salio la kuanzia likiwa lilelile, na kufungia mengine. Mtego wa pili ni saa za mashine. Basi ambalo saa yake imechelewa dakika 20 huonekana kana kwamba kadi ilikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo saa zirekebishwe kila basi linapoingia bohari, na panga miamala kwa namba, si kwa saa.

Wa tatu ni muda. Hasara unayoweza kupata ni sawa na kile kinachoweza kusafiriwa kati ya udanganyifu na kufika kwa orodha getini. Basi linalopakua data mara moja usiku linampa mwizi siku nzima. Hapo ndipo hesabu ya bei inapoingia. Kadi isiyo na jina Uholanzi iliuzwa euro 7.50 na haikuweza kubeba zaidi ya euro 150. Anayechoma kadi ya 7.50 kila siku ili aokoe nauli ya tramu amejitia hasara mwenyewe. Kwenye treni za mbali, ambako amana ilikuwa euro 20, hesabu inageuka. Kikomo cha salio na bei ya kadi tupu ni sehemu ya ulinzi sawa na usimbaji, lakini kwenye vikao vingi huamuliwa na idara ya masoko.

Baadaye hesabu hiyo ilichafuka. Zilianza kuuzwa kadi kutoka China ambazo namba ya kuzaliwa inabadilishika. Kwa hiyo nakala pacha ya kadi ya mtu mwingine, namba ya kuzaliwa na yote, ikawezekana kwa bei ya soda kadhaa. Muhuri uliofungwa na namba ya kuzaliwa unapita. Na mgongano ukionekana kwenye seva, anayefungiwa ni mwenye kadi halali pamoja na mwizi, kwa sababu kwa macho ya mfumo ni kadi moja. Baadhi ya visomaji hujaribu kuzitambua kadi hizi kwa kuzitumia amri ambazo kadi halisi haizijibu. Inasaidia kwa muda, hadi toleo lijalo la kadi hizo linyamaze.

Dawa iko ndani ya chipu: salio na kihesabu vikae mahali ambapo kuandika kunahitaji ufunguo ambao kadi haiutoi kwa namna yoyote, na kihesabu kisiweze kurudi nyuma hata kwa mwenye kuandika. Ufunguo ukishikilia, jana hairudishwi.

Waliyobadilisha, na yaliyokwama

Kubadilisha chipu kwenye mfumo unaoendelea ni sawa na kubadilisha tairi gari likitembea. OV-chipkaart moja ilidumu hadi miaka mitano, na mamilioni yalikuwa mifukoni mwa watu. Januari 2011 waandishi wa habari wa Uholanzi walikuwa bado wanaonyesha hadharani safari kwa salio la kughushi. Mwaka huo ndio kadi mpya zilianza kutoka na chipu ya Infineon, inayoigiza Classic lakini yenye namba nasibu zilizorekebishwa. Mageti hayakuhitaji kubadilishwa, na hilo ndilo lililoifanya ipendeze. Ila msimbo uliokuwa ukizungumzwa ulibaki Crypto-1 wa biti 48, na mwaka 2015 Carlo Meijer na Roel Verdult walionyesha kwamba hata kadi zilizoimarishwa hivyo zinafunguka. Kiraka kilinunua miaka, na miaka ndiyo waliyoihitaji. Si haki kukidharau.

London ilichukua njia ndefu zaidi: kadi mpya za Oyster zikahamia DESFire EV1, chipu nyingine ya NXP yenye usimbaji mkali zaidi, zikiwa na herufi D ndogo nyuma kwenye kona ya chini. Kuna kosa linalotokea kila mahali katika uhamaji wa aina hii. Mashine zinafundishwa kusoma kadi mpya, lakini zinaendelea kukubali za zamani bila mwisho, kwa hiyo anayeghushi anaendelea kuleta ya zamani. Tarehe ya kuzikataa lazima itangazwe mapema, na kabla ya tarehe hiyo kadi za zamani zikubaliwe kwa orodha ya namba zilizowahi kutolewa, si yoyote inayojitokeza.

MIFARE Plus, chipu iliyotangazwa 2008 kwa ajili ya uhamaji huu, ina mtego wake. Ina ngazi za usalama. Kadi iliyo katika ngazi ya kwanza inazungumza Crypto-1 ili mashine za zamani ziielewe. AES inashika hatamu yote katika ngazi ya tatu. Mnunuzi analipia AES, anaiacha kadi ngazi ya kwanza, na kwenye ripoti anaandika kwamba mfumo umehamia AES. Muulize fundi kadi ziko ngazi gani, kisha chukua moja mwenyewe uipime.

DESFire nayo haikuwa bila doa. Mwaka 2011 David Oswald na Christof Paar wa Bochum, Ujerumani, walipata ufunguo wa toleo la kwanza, MF3ICD40, kwa kupima mawimbi yanayovuja chipu ikikokotoa. Iliwachukua kama saa saba kwa kadi moja. Hapo unaona faida ya kutoa ufunguo tofauti kwa kila kadi. Ufunguo mkuu mmoja hukaa mahali salama. Wa kila kadi hukokotolewa kwa kupitisha namba yake ya kuzaliwa ndani ya AES chini ya ufunguo huo mkuu. Aliyehangaika saa saba amepata kadi moja yenye kikomo cha salio. Pale ambapo kadi zote zina ufunguo mmoja, saa saba hizohizo zinatosha kwa mji mzima.

Ufunguo mkuu nao usikae kwenye programu ya geti. Uingie kwenye SAM, kipande kinachofanana na laini ya simu kinachochomekwa ndani ya kisomaji: kinapokea namba ya kadi, kinakokotoa, kinatoa jibu, na ufunguo wenyewe hautoki. Kisomaji kikiibwa barabarani, SAM iliyowekewa kikomo cha idadi ya miamala inakufa yenyewe baada ya siku kadhaa bila kuonana na seva kuu. Kuuingiza ufunguo mkuu kufanywe na watu watatu, kila mmoja na sehemu yake aliyoitengeneza mwenyewe, pasiwe na karatasi moja yenye sehemu zote. Na funguo za majaribio alizoleta muuzaji zifutwe kabla ya kadi ya kwanza kuuzwa. Linachekesha kulisema, lakini ndilo husahaulika zaidi, kwa kuwa siku ya uzinduzi waziri anakuja na mageti lazima yafunguke.

Kuandika salio pia kunahitaji adabu. Weka nakala mbili za mkoba ndani ya kadi, kila moja na namba ya muamala na muhuri wake, na uandike kwa zamu. Kadi ikivutwa katikati, nakala mpya imeharibika lakini ya zamani nzima. Mashine inachukua yenye namba kubwa kati ya zile ambazo muhuri wake ni sahihi. DESFire hufanya hivi yenyewe kwa amri ya kukamilisha muamala. Kwenye kadi duni ni kazi ya mwandishi wa programu, na mara nyingi hugundulika imesahauliwa wiki ya kwanza ya mvua, watu wanapokimbia getini.

Salio kuondoka kwenye kadi

Mtandao uliposhika kasi, sababu ya kwanza ya kuweka pesa ndani ya kadi ilianza kuyeyuka. London ilianza kupokea kadi za benki za kugusisha kwenye mabasi Desemba 2012 na kwenye treni za chini ya ardhi Septemba 2014. Uholanzi nayo ikaeneza OVpay, mfumo wake wa kugusisha kadi ya benki, nchi nzima mwaka 2023. Kadi inajitambulisha tu, nauli inapigwa hesabu kwenye seva. Kadi imerudi kuwa kama vocha, namba tu. Kilichobaki ni hatari ndogo zaidi, ya mtu kusafiri mara moja kwa kadi isiyo na pesa kabla orodha haijamfikia.

Kwa mtu wa kwetu aliyezoea mguso huohuo kwenye pantoni ya Kigamboni kwa N-Card au kwenye mabasi ya Kigali kwa Tap&Go, swali la kumwuliza yeyote anayekuja na zabuni mpya ni fupi: mtandao ukikatika, geti linaamini nini? Likiamini salio lililoandikwa kwenye kadi, yote ya hapo juu yanamhusu. Likiamini orodha, muulize orodha ina umri gani inapofika kwenye basi la mwisho la njia ya mbali.

Na kuna suala la katoni zenyewe za kadi. Mwaka 2020 Fudan Microelectronics ya Shanghai ilitoa FM11RF08S, chipu inayolingana na Classic, bei rahisi, iliyotengenezwa izuie mashambulizi yote yaliyojulikana ya kadi peke yake. Agosti 2024 Philippe Teuwen wa Quarkslab, Ufaransa, alitangaza kwamba ina mlango wa nyuma: ufunguo mmoja wa siri unaofanya kazi kwenye kila kadi ya aina hiyo, haidhuru umeweka funguo gani. Hoteli za Marekani, Ulaya na India zilikutwa na kadi hizo, na huenda wengi wenye nazo waliamini wamenunua Classic ya kawaida. Mkataba ukiandika tu «inayolingana na MIFARE», muuzaji analeta inayolingana. Mkataba utaje mtengenezaji wa chipu na toleo lake. Katoni zikifika, chukua kadi kadhaa kutoka kila katoni, soma taarifa za mtengenezaji kwenye bloku ya kwanza, na zijaribu kwa ule ufunguo wa mlango wa nyuma kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo.